Saa Nane ya Julieth

Tak. Tak-tak. Tak.

Kabla muadhini wa mtaa wa Kanyenye hajakohoa kwenye kipaza sauti, Bibi Apolinaria alikuwa ameshasikia kucha za mjukuu wake zikigonga vitufe vya kompyuta sebuleni. Kitufe kimoja kilikuwa kimelegea, kinataka kugongwa mara mbili ndipo kikubali, na kwa hiyo mlio wote ulikuwa na kigugumizi. Bibi alilala akiusikiliza kama mtu anavyosikiliza manyunyu juu ya bati, hajui kama mvua itazidi au itakata. Mlio ukakata. Ikafuata pumzi ndefu ya mtu aliyechoshwa na kazi.

"Julieth, hukulala?"

"Nililala, Bibi. Abbasi amenirudishia lile tangazo la macho. Anasema ni refu."

Abbasi alikuwa kijana mwenye blogu ya Unyanyembe Yetu, na tangu mvua za kwanza Julieth alikuwa akimwandikia habari kwa majaribio. Akiridhika naye angemwajiri. Asiporidhika, Julieth angerudi kukaa nyumbani na cheti chake cha chuo, kama alivyokaa mwaka mzima uliopita. Bibi aliujua mwaka huo. Ndiyo maana aliondoka kitandani, akajifunga khanga, akaenda kuketi kwenye kigoda kando ya mjukuu wake.

"Hebu nisomee nisikie."

Julieth akasoma. Tangazo lilianza kwa kuwasalimu wazee wa Tabora, Uyui na Kaliua. Likaeleza kwamba madaktari wa macho wanakuja mjini Alhamisi, watapima watu na kuwatoa mtoto wa jicho bila malipo. Wataandikisha wagonjwa kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tano, na baada ya hapo hawatapokea mtu, kwa kuwa mchana wanaingia hospitalini kuanza upasuaji. Anayetoka mbali na alale mjini Jumatano.

"Mbona zuri?" alisema Bibi. "Hata mimi nimeelewa."

"Wewe unasoma, Bibi. Watu wa mtandaoni hawasomi. Wanapitisha macho."

"Wanapitishaje?"

"Mtu anafungua, anatupa jicho kwenye kichwa cha habari, anatupa jicho kwenye maneno yaliyokolezwa wino, kidole kinasukuma, ameshaondoka."

"Kama mtu anayeuliza bei na huku anatembea."

Julieth akacheka kidogo, kisha akabonyeza simu yake ili Bibi asikie alivyoambiwa. Sauti ya Abbasi ikajaa sebule: "Dada Julieth, hiyo ni habari au barua ya posa? Kata! Aya fupi. Vichwa vidogo vidogo. Cha muhimu kikoleze. Na namba uandike kwa tarakimu, jicho linadaka tarakimu kuliko maneno. Hayo maelezo yako marefu yatupe chini kabisa, anayeyataka atashuka mwenyewe."

Basi Julieth akakata. Akaichukua karatasi waliyoitoa madaktari, iliyoandikwa Kiingereza, akaiweka karibu na kompyuta ili achukue tarakimu zenyewe kama zilivyo. Herufi za Kizungu zilizofuata zile tarakimu aliziacha, maana blogu ni ya Kiswahili. Kulipopambazuka, tangazo lilikuwa hivi:

MACHO BURE TABORA
Nini: Kutolewa mtoto wa jicho
Lini: Alhamisi, 8:00 – 11:00
Wapi: Ukumbi wa shule, nyuma ya soko
Gharama: Hakuna

Chini yake akaweka namba yake ya simu, na yale maelezo marefu yakabaki chini kabisa, baada ya matangazo ya magodoro na ya mbegu za alizeti.

"Hebu jifanye mpita njia," Julieth alimwambia Bibi. Akamwonyesha kioo cha kompyuta kufumba na kufumbua, akakifunika kwa kiganja. "Umeona nini?"

"Macho bure. Alhamisi. Shule nyuma ya soko."

"Na saa?"

"Na saa nimeiona ipo."

Bibi Apolinaria hakuwa anadanganya. Jumapili kanisani mchungaji alikuwa ametangaza saa mbili asubuhi, naye Bibi alikuwa na saa hiyo kichwani, kwa hiyo jicho lake halikuhangaika. "Sasa linasomeka," alisema. Akaenda kuwasha mkaa.

Alhamisi, Julieth alidamkia ukumbini kupiga picha. Alirudi mchana na uso mzito. Waliokuja walikuwa watu wa mjini tu, walioambiwa makanisani na misikitini. Muuguzi mmoja, Sista Benedikta, alikuwa amemuuliza kwa upole, "Vijijini hawakupata habari?" Ilipotimu saa tano walifunga meza zao, wakaenda hospitalini.

"Na Abbasi anasema hakuna tangazo letu lililowahi kufunguliwa na watu wengi kama hili," Julieth alisema, akilisukuma tonge mchuzini bila kulila. "Limetumwa mpaka Usinge, huko Kaliua. Sasa mbona hawakuja?"

"Labda nauli, mama. Njaa ya masika hii."

Simu ikaita. Julieth aliiweka sauti ya juu kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na ugali.

"Haloo, dada wa Macho Bure? Namba yako tumeikuta chini ya tangazo. Tuko hapa shuleni lakini geti limefungwa. Tumewahi sana?"

"Mmewahi?"

"Si saa nane? Sasa hivi ni saa saba na nusu. Tunauliza tu, tungojee hapa hapa au kuna mlango mwingine?"

Julieth akaweka tonge chini. Aliifungua blogu kwa kidole chenye mchuzi, akaisoma kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya waliofeli.

"Bibi," alisema. "Nimeandika saa nane."

"Wapi? Si uliandika saa mbili?"

"Nimeweka tarakimu za Wazungu. Nane mpaka kumi na moja. Nani wa kwetu anasoma hii akafikiri ni asubuhi?"

Bibi akavaa miwani yake. Akaziona zile namba, akaona pia kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameziona Jumanne na kuzipitisha. Akanawa mkono. "Twende," alisema.

Walikuwa wengi kuliko alivyotegemea. Walijaa kwenye kivuli chembamba cha ukuta, wazee kwa watoto wao waliowaongoza, wengine wameshikilia fimbo iliyoshikwa upande wa pili na mjukuu. Mlinzi wa shule alikuwa ametoa kiti chake mwenyewe, akamkalisha mama mmoja aliyefunga kilemba cheupe, yeye akabaki amesimama juani. Bibi Apolinaria aliliona hilo, akamwombea baraka kimoyomoyo.

Julieth aliwasalimia. Akasema ni yeye aliyeandika. Akasema madaktari waliondoka saa tano asubuhi.

Kisha mwanamume mmoja mrefu, aliyesimama nyuma ya kile kiti, akanyoosha simu yake yenye kioo kilichopasuka. Alikuwa Shigela, mkulima wa tumbaku kutoka Usinge, ndiye aliyepiga simu.

"Dada, nisomee hapa. Mimi nimeishia darasa la saba, labda sioni vizuri."

"Imeandikwa nane mpaka kumi na moja."

"Ahaa. Kwa hiyo naona."

"Hii saa yake ameinunua Ulaya!" alisema mama mmoja kutoka Isikizya, na watu wachache wakacheka kicheko kisicho na furaha.

"Sisi tungeweza kulala hapa jana," Shigela aliendelea, bila kupandisha sauti. "Nina shangazi hapa mjini. Nikasema, saa nane mchana, ya nini kumsumbua shangazi wa watu? Tupande basi la alfajiri, tutawahi na muda utabaki. Tumewahi, dada. Muda umebaki."

Julieth alishika kamba ya mkoba wake kwa mikono miwili. "Nisameheni," alisema. "Ni kosa langu."

"Msamaha unatoa mtoto wa jicho?" aliuliza yule mama wa Isikizya.

Hapo yule wa kilemba cheupe akageuza uso kuelekea sauti zilikotoka. Macho yake yalikuwa na utando wa rangi ya maziwa. "Shigela," alisema, "mwache binti. Muulize madaktari wameenda wapi. Hicho ndicho tulichokijia."

Alikuwa Minza, mama yake Shigela. Mapajani alikuwa na kifurushi cha kitambaa, amekikumbatia kama mtu aliyeambiwa asikiangushe.

Hospitalini Sista Benedikta aliwapokea koridoni, kofia ya upasuaji imemwacha alama kwenye paji la uso. Alimsikiliza Julieth mpaka mwisho bila kumkatiza, na hilo nalo Bibi aliliona.

"Kesho na keshokutwa orodha imejaa," alisema Sista. "Jumapili tunaondoka kwenda Kigoma. Ila daktari huwa anakuja alfajiri kabla ya chumba cha upasuaji kufunguliwa. Nitamwomba. Waliobaki mjini walete saa kumi na mbili asubuhi." Akamtazama Julieth. "Asubuhi, umesikia?"

"Nimesikia, Sista."

Julieth hakuandika tangazo. Alirudi getini, akakuta nusu ya watu wameshaenda stendi. Akapiga simu kwa kila namba iliyokuwa imempigia, akiwa amesimama pale pale juani. Wengine walikuwa kwenye mabasi tayari. Mmoja alimtukana, Julieth akamwacha amalize, akamwambia asante kwa kupokea. Waliosalia, wasio na pa kwenda, Bibi aliwachukua nyumbani kwake. Walikuwa Minza na Shigela, yule mama wa Isikizya ambaye bado alikuwa amenuna, na mzee mmoja aliyeitwa Mabruki, baba yake huyo mama.

Shigela hakwenda kwa shangazi yake. "Nimwambie nini?" alisema. "Kwamba nimemleta mama kutazama geti?"

Jioni, Bibi alitandika mikeka, akasonga ugali mkubwa, na jirani aliyeona wageni akaleta bakuli la mlenda bila kuulizwa ni akina nani. Minza alikifungua kifurushi chake kwa kupapasa. Ndani mlikuwa na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa mpaka vikawa vitamu kama halua.

"Nilikuwa nampelekea daktari," alisema. "Sasa mle nyinyi. Binti yuko wapi? Yule wa saa."

"Niko hapa, mama."

"Nisomee hilo tangazo."

Julieth alimtazama Bibi yake. Kisha akalisoma lote, kuanzia Macho Bure mpaka Hakuna.

"Ni fupi," alisema Minza. "Shigela alinisomea mara moja tu, nikiwa napepeta. Nikalishika lote. Nililala nalo, nikaamka nalo. Wajukuu wakiniuliza, Bibi, unaenda lini? Nawaambia Alhamisi, saa nane mpaka saa kumi na moja. Kuna matangazo husomwa nikasahau hata yalihusu nini. Lako lilishikika." Akatafuna taratibu. "Ubaya wake ndio huo."

Julieth akainamisha kichwa. Hakuna kashfa ya getini iliyomwingia kama sifa hiyo.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Abbasi, na mikate miwili ndani ya mfuko. Aliwaamkia wazee wote mmoja mmoja, shikamoo kwa shikamoo, akamvuta Julieth mlangoni. Nyumba ilikuwa ndogo. Kila mtu alisikia.

"Nimepigiwa simu mpaka nimechoka. Lakini dada'angu, tusijibebeshe yote. Chini kabisa iliandikwa saa mbili asubuhi. Wangesoma mpaka chini."

"Abbasi, tuliandika vile ili wasishuke chini."

"Ndiyo, lakini..."

"Tulikata, tukakoleza, tukaweka tarakimu, ili mtu apitishe jicho aridhike aondoke. Wamefanya hivyo hivyo. Sasa tuwalaumu kwa kututii?"

Abbasi alitazama ndani. Mzee Mabruki alikuwa anapapasa mkeka akitafuta kikombe chake, na binti yake akamsogezea kikombe mpaka kikagusa vidole. Abbasi akatoa simu yake mfukoni.

"Naandika samahani," alisema. "Naiweka chini ya ile..." Kidole kikabaki hewani. "Naiweka juu. Saa zote kwa maneno. Niambie, nianze vipi?"

"Anza na 'Tulikosea'," alisema Julieth.

Bibi akamkaribisha Abbasi kula. Alikuwa na njaa, maskini. Alikula kama mtu ambaye hajaketi tangu asubuhi.

Alfajiri daktari aliwatazama mmoja mmoja kwa kurunzi yake, amesimama koridoni. Mzee Mabruki, ndiyo. Minza, ndiyo, macho yote mawili, na ni yale yanayotoka vizuri kabisa. Shigela akafunika uso kwa kofia yake. Bibi Apolinaria akaanza kumshukuru Mungu, lakini alikuwa hajafika mbali pale Sista Benedikta alipofunga kile kitambaa cha kipimo mkononi mwa Minza, akakijaza upepo, akakunja uso, akakijaza tena.

"Mama, una presha?"

"Sijui. Sijawahi kupimwa."

"Jana ulikula saa ngapi? Ulikaa juani?"

Julieth alikuwa amesimama karibu kabisa na ukuta.

"Imepanda sana," Sista alisema polepole. "Hatuwezi kumpasua mtu jicho hivi. Nampa dawa, apumzike, tupime kesho. Kwa kawaida tukimwandikisha mtu siku moja kabla, huwa tunapata muda wa kuishusha."

Siku hiyo yote Minza alilala kwenye kitanda cha Bibi. Bibi alimpikia bila chumvi, akamkanda miguu, akamkataza hata kuongea. Julieth alikaa chini pembeni ya kitanda, akimpepea kwa jalada la daftari. Mama wa Isikizya alirudi jioni kutoka hospitalini na baba yake, jicho moja la mzee limefungwa bandeji nyeupe. Alimkuta Julieth pale chini. Alimpokea lile jalada, akapepea yeye.

Jumamosi presha ilikuwa imeshuka, lakini si vya kutosha. Sista alipima mara mbili, akaenda kumwita daktari, naye akapima kwa mkono wake. Akatikisa kichwa. Akamwambia Minza kwa heshima, akiwa amechuchumaa ili sauti yake iwe usawa wa masikio yake, kwamba watarudi Tabora baada ya mavuno. Aendelee na dawa. Asikose.

"Baada ya mavuno," alirudia Minza. "Sawa. Mavuno si mbali." Lakini njia nzima kurudi Kanyenye alikuwa akijikwaa, yeye ambaye siku zote mbili hakuwa amejikwaa.

Jumapili Bibi Apolinaria alikosa ibada. "Tumemtoa kwake kwa maneno yetu," alimwambia Julieth, "tumrudishe kwa miguu yetu." Walipanda basi wote wanne mpaka Usinge.

Uani kwa Minza watu walikuwa wanawasubiri. Wakwe, majirani, wajukuu waliooga na kuvaa nguo za sikukuu. Mtoto mmoja wa kike akakimbia, akasimama mbele ya bibi yake, akapanua mikono kama anayepigwa picha.

"Bibi! Unaniona sasa? Nimevaa rangi gani?"

Shigela akageukia upande wa pili.

"Bado, mwanangu," alisema Minza. "Bado kidogo." Akanyoosha mkono mpaka akaipata nguo ya mtoto, akaisikia kwa vidole. "Lakini ni ile mpya. Si ndiyo?"

Jirani mmoja akauliza wageni hawa ni nani. Julieth akafungua mdomo ili aseme mwenyewe. Minza akamtangulia.

"Ni wenyeji wangu wa Tabora," alisema. "Walinilaza kitandani kwao. Waleteeni maji ya kunawa."

Wakaletewa maji, wakala wali wa kuku aliyekuwa amechinjwa kwa ajili ya sherehe. Walikula polepole, watu wakizungumza habari za mbolea na za nguruwe pori wanaotoka msituni, na hakuna aliyeuliza zaidi. Bibi Apolinaria naye alikula. Hakuwahi kula kwa watu wema akaona aibu kiasi kile.

Jua lilipoanza kulegea, Shigela akasema basi la kurudi haliko mbali. Minza aliwasindikiza mpaka mwisho wa ua, mkono wake umeshika mkono wa Julieth. Hapo hakuuachia.

"Madaktari wakirudi mtaandika tena?"

"Tutaandika, mama. Na mimi nitakuja mwenyewe kukuchukua, siku mbili kabla."

"Kwa ajili ya daktari utakuja, najua. Nakuuliza kabla ya hapo. Dawa hizi nitazimeza peke yangu, siku ni ndefu, na mimi sioni kinachopita njiani mpaka kiseme. Uje tena, Julieth, uje na Bibi yako, mkae na mimi. Lakini ukisema unakuja, uje kweli, maana mimi nikiambiwa mtu anakuja huwa nasubiri."